Shangazi Aliyetoka na Koti Lake

Ndugu, majirani, na nyote mliopanda hadi kanisani asubuhi ya leo huku theluji ikiyeyuka chini ya viatu vyenu, kabla familia haijawasomea maisha ya Sibilla Zentner kwa mpangilio wake, inaona ni uungwana kuwaambia kwamba katika maisha hayo liko fumbo moja ambalo imeshindwa kulitegua, nalo ni kwamba jioni ya Ijumaa tarehe 23 Novemba 1990, katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya hapa Rütenen, mwanamke ambaye hakuwahi kukosa mkutano wa kijiji tangu wanawake waliporuhusiwa kupiga kura aliinuka kitini muda mfupi kabla ya kura aliyokuwa ameisubiri mwaka mzima, akachukua koti lake, akatoka. Wengi wenu mlikuwemo ukumbini, na kila mmoja ana maelezo yake, familia imeyasikia yote, imeyapima, na haijapata hata moja linalotosha. Tutalifikia jambo hilo kwa zamu yake.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 6 Machi 1936, siku ya Mtakatifu Fridolin, wakati mioto ya kuufukuza msimu wa baridi ikiwaka vilimani, katika nyumba ya mbao iliyosimama chini ya mnara wa kuanikia vitambaa wa kiwanda, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Marx na Afra Elmer, na dada mdogo wa marehemu Jakob, ambaye ni baba wa Balz, mpwa anayewasomea haya kwa niaba ya familia. Baba yake alikuwa mchanganya rangi kiwandani, na katika miezi ya Föhn alikuwa pia mlinzi wa upepo huo, kazi ambayo vijana wa leo hawaijui tena, ya kupita nyumba kwa nyumba pindi upepo ule wa joto unaposhuka kutoka kusini na kuzikausha mbao hadi ziwe kama njiti za kiberiti, akigonga kila mlango na kuhakikisha kwamba kila jiko limezimwa. Kabla ya kutoka aliwaambia wanawe maneno yaleyale, "Viatu chini ya kitanda, koti karibu na mlango," kisha akaondoka, na Sibilla akabaki macho akisikiliza vigae vikigongana juu ya paa, akiwa na uhakika kwamba moto utakaoanza utaanzia kwao, kwa kuwa mlinzi wa jiko lao alikuwa akilinda majiko ya wengine.

Hofu hiyo haikumtoka. Waliomfahamu wanajua kwamba alikuwa akirudi nyumbani mara mbili kuangalia jiko kabla ya kwenda dukani, na kwamba hata baada ya kuwekewa jiko la umeme aliendelea kulipapasa kwa kiganja, akisema umeme nao ni moto, tofauti yake ni kwamba huo umejificha.

Nyumbani walimwita Billeli, na kwa kuwa wako wageni miongoni mwetu, ni vizuri kusema kwamba katika bonde letu tuna kimkia hiki cha -li tunachokibandika mwishoni mwa jina la kila kitu tunachotaka kiwe kidogo au kipendwe, tena mara nyingi hatujui wenyewe ni lipi kati ya hayo mawili tumelikusudia, maana mtoto hupewa kimkia hicho kwa mapenzi, na mtu mzima akipewa inabidi amtazame usoni anayempa.

Alisoma shule ya msingi hapa Rütenen kuanzia mwaka 1943, akaendelea na sekondari huko Schwanden, na mwaka 1955 akaenda Zürich kusomea ualimu wa chekechea, ambako alilala miaka miwili katika chumba cha ghorofa ya nne asikipende hata siku moja, kwa sababu mlango wake ulikuwa mbali na ngazi. Aprili 1957 alirudi na kukabidhiwa chekechea ya kijiji, na humo alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 3 Julai 1998, mwalimu peke yake katika chumba kimoja kwa miaka arobaini na moja. Kama ilivyokuwa desturi ya bonde zima, watoto hawakumwita mwalimu, walimwita Shangazi, na yeye alimbandika kila mmoja kimkia siku ya kwanza alipovuka kizingiti, Heiri akawa Heirili, Mathis akawa Mathisli, na wapo leo katika viti hivi wazee wenye wajukuu ambao hawakuwahi kusikia majina yao kamili kinywani mwake.

Tarehe 14 Mei 1960, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa katika kanisa hili na Jost Zentner, mchonga chapa za mbao za kuchapia vitambaa, mtu mpole aliyezoea kusema kwamba alioa mke pamoja na kikosi cha zimamoto. Mungu hakuwajaalia watoto. Walingoja, wakaenda kwa madaktari, wakaacha kwenda, na kile chumba kidogo cha upande wa bustani kikageuka cha kuhifadhia tufaha. Jost alifariki tarehe 2 Oktoba 1984, na familia inakitaja chumba hicho kwa sababu wakati huo kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe.

Mwaka 1972 kiwanda kilimpokea mfanyakazi kutoka mkoa wa Yozgat, Uturuki, jina lake Satılmış Karaca, mwaka 1975 mke wake Güllü akamfuata, na tarehe 19 Januari 1978 akazaliwa binti yao Döne. Kijiji hakikuwatendea ubaya wa kuonekana, tuseme hivyo, ila kilimwita baba yule Türkli, Katuruki, mbele yake na nyuma yake, na aliyemwita hivyo angeweza kuapa kwamba ni kwa upendo. Jina la mama nalo lilikuwa na bahati mbaya, kwa kuwa linakaribia kufanana na neno letu la samadi ya maji inayomwagwa malishoni, na kila msimu wa kumwaga ulipofika alikuwapo mtu mmoja dukani aliyeziba pua na kusema, "Naona Bi Karaca amepita hapa," wengine wakacheka kidogo, halafu wakaendelea kuchagua viazi vyao.

Döne aliingia chekechea Aprili 1983. Kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa zamu ya mchana, Sibilla alijitolea kumlisha chakula cha mchana, makaroni kwa jibini letu la kijani, na tangu wiki ile akaacha kabisa kununua nyama ya nguruwe, hata Mathis mchinjaji, yuleyule Mathisli wa zamani, akamuuliza dukani mbele ya watu, "Shangazi, soseji zangu zimekukosea nini?" naye akamjibu, "Hazijanikosea kitu, ila nina mgeni." Mathis akasema, "Mgeni huyo anaondoka lini?" na yeye akasema hiyo ndiyo habari ambayo hata yeye angependa kutoijua.

Jumapili wazazi wa Döne walikuja kunywa kahawa kwa ajili ya kushukuru, na ni kwenye meza hiyo ya jikoni ndipo lilipozuka jambo ambalo marehemu alilisimulia hadi mwisho wa maisha yake. Satılmış, akitaka kueleza atokako, alisema yeye ni Yozgatlı, na Sibilla akamhurumia, akamuuliza, "Kumbe Yozgat ni kadogo hivyo?" "Kadogo wapi," akasema Satılmış, "ni kubwa kuliko bonde lenu lote, ukiweka na ng'ombe." Ilichukua birika zima la kahawa kuelewana, kwamba kimkia kilekile, kwa sauti ileile, kwao hakipunguzi kitu, kwao humfunga mtu na mahali pake au na kitu alichonacho, kahawa ikipata sukari ni ya kimkia, mtu akipata nyumba na mke naye vilevile, na jina la Güllü mwenyewe maana yake ni mwenye mawaridi. "Kwa hiyo mimi mkiniita Türkli," akasema Satılmış akikoroga kikombe kilichokwisha kuwa kitupu, "sikio langu moja linasikia mtu wa Uturuki, na hilo ni kweli, sikio la pili limeshaishi hapa miaka kumi na moja, nalo linasikia kingine." Sibilla aliona haya, akaanza kuhesabu moyoni watoto wote aliokuwa amewapunguza tangu mwaka 1957, na akauliza kwa wasiwasi kama walikuwa wamekasirika kumsikia akimwita binti yao Döneli. Hapo Güllü akacheka, kwa mara ya kwanza katika nyumba ile, akasema, "Kwetu Döneli ni mtu mwenye Döne. Si yeye, Shangazi. Ni wewe."

Marehemu hakuwa mtu wa kupokea kitu kizuri bila kuogopa kitakavyopotea, na tangu siku ile alikuwa na kitu kipya cha kuogopea. Vitu vya Döne vilihamia polepole kwenye chumba cha tufaha, kwanza kitabu cha kuchora, kisha viatu vya theluji, na kila ilipovuma habari kwamba kiwanda kitapunguza watu, Sibilla alipanda ngazi kuhakikisha kwamba viatu bado vipo.

Mwanzoni mwa mwaka 1990 familia ya Karaca iliomba uraia, na kwa sheria ya wakati ule ilikuwa ni juu ya mkutano wa kijiji kuamua kwa kuinua mikono hadharani, jirani akimtazama jirani. Mwaka mzima Sibilla alikuwa na wasiwasi, si juu ya mkono wake, bali juu ya mikono ya wengine, akipita kwa huyu na yule akisema maneno machache na kujuta njiani kwamba ameyasema vibaya. Jioni ya tarehe 23 Novemba Föhn ilikuwa ikivuma, madirisha ya ukumbi yalitetemeka, na Mathis alisimama akasema maneno ambayo hakuna mtu aliyeyaona makali, "Türkli ni mtu mzuri, sina neno naye, ananunua kondoo kwangu. Ila mtu anaweza kuwa mzuri na akabaki alivyo." Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Heiri Disch, akasoma kanuni, kwamba waombaji na ndugu zao watoke nje wakati wa kura, kwa kuwa ndugu hamhukumu ndugu, na watu watatu wa familia ya Karaca wakainuka, na wa nne akainuka Sibilla.

Mtu mmoja alisema kutoka nyuma, "Billeli, kaa, wewe hujawa Mturuki," na watu wakacheka, lakini yeye hakugeuka, alichukua koti lake, akapita katikati ya viti akiomba radhi kwa kila goti, na mlango ukafungwa nyuma yake. Katika korido walikaa wote wanne kwenye benchi la watoto, chini ya vitundikio vya makoti, magoti yao yakikaribia videvu. Döne, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimuuliza, "Shangazi, na wewe wamekutoa?" naye akajibu, "Nimetoka mwenyewe." Walikuwa wakisikiliza upepo.

Kura zililingana. Kanuni ilimpa mwenyekiti kura ya kukata shauri, na Heiri Disch, ambaye familia haimlaumu na ambaye amekuja leo, alisema kwamba hawezi kubeba peke yake jambo ambalo kijiji kimeshindwa kulibeba, akainua mkono pamoja na waliokataa. Karani alipofungua mlango na kutoa habari, Satılmış alimshukuru, akamvisha mkewe shali, na wakatembea pamoja na Sibilla hadi darajani, na hapo darajani akasimama na kusema, kwa sauti isiyo na hasira, "Mkono mmoja tu, Bi Zentner." Alikuwa hajamwita hivyo kwa miaka saba.

Ndipo kijiji kilipoanza kufasiri. Wako waliosema aliogopa kuinua mkono mbele ya majirani ambao angewahitaji uzeeni, na wanaosema hivyo wanamjua, alikuwa mwoga. Wako waliosema alitoka kwa sababu aliposikia neno ndugu aliamini kwamba anatajwa yeye, na hao pia wanamjua. Wako waliosema ni Föhn tu, kwamba aliogopa jiko. Yeye mwenyewe hakutoa maelezo, na msimu wote ule wa baridi Döne hakuja kula, kwa agizo la baba yake, huku Sibilla akipika makaroni ya watu wawili na kuwapelekea kuku nusu ya sufuria. Usiku taa ya chumba cha tufaha ilionekana ikiwaka. Viatu vya theluji vilikuwa bado vipo, na familia inadhani kwamba hofu yake kubwa wakati ule ilikuwa ni mtu kuja kuvichukua.

Aliyekuja hakuja kwa ajili ya viatu. Siku moja ya Machi 1991 Föhn ilishuka tena, kali kuliko ile ya Novemba, na alasiri mlango wa Sibilla ukagongwa mara tatu, kwa namna ambayo hakuwa ameisikia tangu baba yake afariki. Döne alikuwa amesimama nje, nywele zimemjaa usoni. "Baba amesema nije niangalie kama jiko lako limezimwa," akasema. Sibilla akamwambia limezimwa. "Amesema nisiamini, nishike mwenyewe." Akaingia, akaweka kiganja juu ya jiko, akakiacha hapo, halafu akauliza kama kuna chakula, na kwa kuwa jiko lilikuwa limezimwa walikula makaroni ya jana yakiwa baridi.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Satılmış alipata kazi ya matengenezo ya barabara za milimani, na mwaka 1994 familia ikaomba uraia mara ya pili. Mkutano ulipangwa Ijumaa tarehe 25 Novemba, na kadiri tarehe ilivyokaribia ndivyo Sibilla alivyokonda, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kikingoja kuona atafanya nini, na yeye alionekana kutojua. Jumapili ya kabla yake Satılmış alimwambia, "Shangazi, safari hii ukae. Inua mkono, basi." Akajibu, "Naogopa miguu yangu." Satılmış akamwambia mguu hauna akili, na Güllü akamwambia mumewe anyamaze.

Ukumbi ulijaa hadi ngazini. Heiri Disch aliposoma kanuni, watatu wa Karaca waliinuka, na wote mlioona mtathibitisha kwamba Sibilla naye aliinuka, mkono mmoja tayari uko kwenye koti. Güllü, aliyekuwa akipita mbele ya kiti chake, alisimama, akamwekea mkono begani, akamkalisha, na akasema kwa lugha yetu, kwa sauti iliyosikika hadi safu ya mwisho, ingawa mtu yule hakuwa na mazoea ya kusikika, "Wewe kaa. Mmoja wa familia lazima abaki ndani." Kisha akatoka.

Hapo mwenyekiti aliingia matatani, kwa kuwa alikuwa amesikia kwa masikio yake, na kanuni ilikuwa mkononi. Alivua miwani, akaivaa tena. "Bi Zentner," akasema, "samahani, lakini inabidi niulize. Wewe ni ndugu yao?" Sibilla alisimama, na wote mlimwelewa, kwamba akisema ndiyo lazima atoke na mkono wake upotee tena, na akisema siyo atakuwa amewakana watu waliokaa nyuma ya mlango ule mwembamba, wakisikia kila neno. Aliutazama mlango, akamtazama mwenyekiti, mtoto wa mtu akaanza kukohoa. Mwishowe akasema, "Heirili, sijui niseme nini."

Ukumbi ulicheka, kwa sababu mwenyekiti alikuwa na mvi, na kicheko kilipopungua alisimama Mathis mchinjaji, yuleyule, mikono mfukoni. "Heiri," akasema, "huyu wanamwita Shangazi, sawa. Mimi nilimwita nini? Wewe ulimwita nini, siku ile ulipojikojolea kwenye zulia? Akitoka huyu kwa undugu, na sisi tutoke, tubaki na karani, ambaye si wa hapa, ni mtu wa Näfels." Karani alisema yeye yuko tayari. Heiri Disch alifikiri, akaiweka kanuni mezani kwa uso chini, akasema, "Kaa, Shangazi. Tunapiga kura." Mikono iliyoinuka haikuhitaji kuhesabiwa. Sibilla aliinua wake, na walioketi karibu naye wanasema aliushikilia kwa mkono wa pili usije ukashuka.

Baadaye, barabarani, Satılmış alimwambia Mathis kwa fahari, "Sasa mimi Rütenenli," na Mathis akamjibu, "Rütenen yenyewe ni kijidudu, ndugu yangu, usiipunguze zaidi." Satılmış akaanza kumweleza. Inasemekana alikuwa bado anaeleza walipofika dukani.

Marehemu alistaafu kama tulivyosema, akaishi kwa bustani yake, kwa jiko lake na kwa Döne, ambaye leo anaendesha basi la njano la posta kati ya stesheni na vijiji vya juu, na ambaye kwa miaka mingi alipunguza mwendo kila alipopita mbele ya nyumba ile, ili mtu aliyesimama dirishani aone kwamba basi lina breki. Mwaka 2009 Satılmış alifariki na kuzikwa kwao Yozgat, na Sibilla, ambaye hakuwahi kupanda ndege, alifika hadi uwanja wa ndege, akashindwa kuendelea, akarudi kwa treni, akalia wiki nzima kwa ajili ya kifo na kwa ajili ya kushindwa.

Moyo wake ulianza kuchoka katika vuli ya mwaka 2017. Alilazwa mara kadhaa hospitalini Glarus, mara ya mwisho tarehe 25 Februari mwaka huu, na huko ndiko mpwa wake Balz, akijua kwamba nafasi nyingine huenda isipatikane, alimuuliza waziwazi kwa nini alitoka jioni ile ya mwaka 1990. Alifumba macho, Balz akadhani amelala. Kisha akasema, "Koti langu lilikuwa karibu na mlango." Balz alimuuliza ana maana gani, kama ni woga, kama ni undugu, kama ni Föhn, naye akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama watoto wanaouliza theluji inakwenda wapi, akaomba maji. Alitimiza miaka themanini na mitatu tarehe 6 Machi akiwa kitandani, na kutoka dirishani aliiona mioto ya Mtakatifu Fridolin, akauliza kama kuna mtu anailinda. Alifariki Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, asubuhi, Döne akiwa ameshika mkono wake mmoja na Balz mwingine. Mwili wake ulichomwa kama alivyoagiza, na katika agizo hilo aliandika kwamba mtu ahakikishe tanuri limezimwa vizuri baadaye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomjibu kila swali, hata yale ya saa nane usiku, inamshukuru mchungaji wetu, majirani waliokubali kugongewa mlango kila upepo ulipobadilika, walimu waliopokea chumba chake baada yake, na wenzake Döne wa basi la posta walioshika zamu zake kwa wiki tatu bila kuombwa. Inamshukuru Mathis kwa kuleta leo nyama ya kondoo tu.

Limebaki jambo moja, nalo tulikaa nalo Jumapili jikoni kwake, sote tukiwa na wasiwasi kama wa kurithi. Desturi yetu ni kwamba majivu hubebwa na ndugu wa karibu kutoka nyumbani hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi kaburini, na ndugu huyo ndiye anayesimama wa kwanza mchungaji anapowaita jamaa wa marehemu. Binamu mmoja kutoka Chur aliuliza, bila ubaya, watu watasemaje wakiona anayebeba si wa damu, tena si wa kanisa hili, na Döne mwenyewe aliogopa kuliko wote, akasema afadhali akae nyuma pamoja na mama yake, asije akamharibia Shangazi siku yake. Tuliongea hadi kahawa ikapoa. Ndipo Güllü, mwenye miaka sabini na mmoja sasa, akainuka, akaenda kulishika jiko kwa kiganja, akarudi akasema, "Safari hii hakuna kutoka nje. Abebe."

Ikaamuliwa hivyo. Aliyetekeleza uamuzi huo mmemwona, Döne Karaca, aliyetembea kutoka nyumba ya chini ya mnara hadi hapa akiwa amekumbatia kile chombo cha majivu ndani ya koti lake kwa sababu ya upepo, aliyesimama wa kwanza jamaa walipoitwa, na ambaye baada ya wimbo ujao atakibeba tena hadi shimoni.

Tulia sasa, Shangazi. Jiko limezimwa, tumelishika wenyewe, na koti lako liko karibu na mlango.